Unga Ulioondoka Kikula

Siku mulamu wangu alipoutoa unga wetu nje kwa mara ya kwanza, hakuuza hata mfuko mmoja, wala hakujaribu. Alibeba mbabula, jiko letu dogo la bati, na makaa na sufuria mpaka kituo cha afya cha Kikula, asubuhi ya kupima watoto. Alimwomba muuguzi ruhusa, akawasha moto karibu na benchi ambalo akina mama hungojea zamu, akakoroga uji. Harufu ya soya na karanga zilizokaangwa ilipowafikia, mama mmoja akauliza ule unga unapatikana wapi. Mulamu alimpa kikombe.

"Kwanza tuone kama mutoto atakubali," alisema.

Mtoto alikubali. Mama yule akarudia swali lake, na mulamu akamwelekeza nyumba yetu.

Mulamu ni mke wa mdogo wangu. Kwingine wangesema wifi. Sisi wa Likasi tunaitana mulamu, yeye kwangu na mimi kwake. Ukoo wake ni Waislamu wa Kasongo walioshuka Katanga zamani kwa ajili ya biashara. Mimi ni mtoto wa kanisa la maombi, la ngoma na kunena kwa lugha. Ndoa yao iliwachoma wazee wa pande zote mbili, na kwa muda mrefu mimi na yeye tulisalimiana tu kama watu waliokutana foleni. Kilichotukutanisha ni mtoto wao wa kwanza.

Mtoto yule alipoachishwa ziwa alianza kunyauka. Alikuwa akipewa bukari laini, yaani ugali, na maji ya sombe, majani ya mhogo, kama watoto wote wa mtaa, na kila akipimwa mshale wa mizani ulikuwa palepale. Mimi nilikuwa mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari, mshahara wangu ukitegemea wazazi wenye chochote. Nilijua kilichokosekana kwenye sahani ile. Nikasaga mahindi na soya, nikaongeza karanga, na mwisho samaki wadogo waliokaushwa wa Tshangalele, ambao tuliwanunua kwa kisado kutoka kwa wanawake wanaoshuka nao kutoka ziwani. Mulamu alikunja pua.

"Samaki mu uji? Mulamu, weye unataka kuniulia mutoto?"

Lakini alimlisha. Mtoto akanenepa mpaka mashavu yakaning'inia, na jirani akaja kuuliza, kisha jirani wa jirani.

Sikuwahi kuona mtu mwenye kipaji cha watu kama mulamu. Mimi nilijua unga. Yeye alijua mlango upi ubishwe, na ubishwe vipi. Baada ya kituo cha afya alikwenda kwa baba yake mdogo, mzee mwenye duka la jumla pale soko la Kikula, karibu na msikiti. Mzee huyo alikuwa mkali wa rafu zake. Hakuweka kitu asichokila nyumbani kwake. Mulamu alipeleka uji kwa wajukuu wake kila asubuhi bila kusema neno la biashara, mpaka siku mzee mwenyewe alipoita, "Binti, leta ile unga yako hapa. Bantu banaanza kuniuliza." Akaupa nafasi kati ya mchele na sukari.

Kanisani ilikuwa zamu yangu. Mama pasta, mke wa mchungaji wetu, aliwapanga mama wa kwaya: kila mmoja alichukua mifuko michache, akaizungusha mtaani kwake pamoja na maombi. Walikuwa wakiingia nyumba ambazo mimi nisingeingia kamwe, nyumba za wagonjwa na za waliofiwa, na waliaminiwa humo. Na mdogo wangu, dereva wa lori la mawe ya shaba, aliweka mifuko nyuma ya kiti chake kila alipokwenda Kakanda, kwenye machimbo. Kule wanawake walikuwa wanashinda kwenye maji wakiosha mawe, hawana muda wa kupika mara tatu. Walimsimamisha barabarani wakimwita "baba wa uji."

Kwa hiyo tulikuwa na njia nne, ingawa hatukuziita hivyo. Neno tulilipata baadaye, katika ukumbi wa parokia, mradi mmoja ulipoandaa semina kwa wenye biashara changa. Kijana aliyetufundisha alichora ubaoni mifereji inayotoka kwenye tangi, akasema biashara haikui kwa nguvu za mwenyewe, inakua kwa washirika na njia za kuuzia. Mshirika ana mlango ambao wewe huna, wewe una kitu ambacho yeye hana. Mulamu alinisogelea sikioni.

"Mulamu, iko anasema juu ya baba mudogo na mama pasta."

Tulicheka mpaka kijana akageuka kutuangalia. Tulitoka pale tumejaa kiburi kidogo. Tulikuwa tumefanya tayari, bila ubao.

Nadhani huo ndio wakati uliokuwa mzuri kuliko wote, ijapokuwa tuliuona ni mwanzo tu. Tulikaanga soya uani kwa mulamu tangu asubuhi, macho yakituwasha kwa moshi. Tulisagisha kwenye mashine ya jirani, tukapima kwa kopo, tukafunga mifuko kwa mshumaa. Watoto wake walilala wakinuka unga. Siku ya Ijumaa aliacha kazi kidogo akaswali, Jumapili niliacha mimi, na unga haukukosa mtu wa kuuangalia. Mama mkwe wa mulamu, yaani mama yangu mzazi, ambaye hakutaka kumwona katika ndoa ile, alianza kuja kuchambua soya pamoja nasi. Aliketi karibu naye, wakazozana kuhusu chumvi.

Mtu wa Lubumbashi aliletwa kwetu na ule unga wa Kakanda. Alikuwa msambazaji: ana malori, ana maghala, analisha maduka makubwa ya Lubumbashi na kantini za migodi. Huko Kakanda aliwaona akina mama wakikataa unga wa dukani wakingoja lori la mdogo wangu. Akamwuliza mdogo wangu, mdogo wangu akamleta. Alikuja uani na viatu vilivyosafishwa, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akanywa uji kikombe kizima. Hakuwa mtu wa majivuno. Aliuliza maswali mazuri. Soya inatoka wapi? Samaki wanakaa muda gani kabla ya kuharibika? Nani anatuuzia na kwa nini?

Kisha akasema, "Bamama, ile kintu yenu ni muzuri. Lakini mutaendelea kuibeba ku kichwa mpaka lini?"

Alitaka kuupeleka Lubumbashi, na baadaye Kolwezi. Alitaka mashine yetu wenyewe, pakiti ya kiwandani yenye picha, na uzito ule ule kila mara. Na alitaka jambo moja zaidi: unga wote upite kwake. Hata wa Likasi. Angefungua depo mjini, na yeyote anayetaka kuuza angechukua hapo, kwa bei moja. Alieleza sababu bila kuficha. Kama mama wa kwaya anauza rahisi kuliko duka, duka litaukataa.

Alipoondoka tulikusanya vikombe. Mdogo wangu ndiye aliyesema kwanza.

"Na minye? Ile ya Kakanda?"

"Itapita kwa lori yake," mulamu alijibu. "Lori yako ni ya mawe."

Macho yake yalikuwa yanang'aa. Mimi niliogopa, lakini sikuweza kusema ninaogopa nini, maana kila alichosema yule bwana kilikuwa ndicho tulichofundishwa ukumbini: mshirika mwenye mlango ambao wewe huna. Nani kati yetu alikuwa na mlango wa Lubumbashi? Tulijadiliana wiki nzima. Mama yangu alisema tumshukuru Mungu. Baba mdogo wa mulamu aliposikia akauliza tu, "Na akichoka?" Mulamu akamjibu kuwa mtu hachoki kitu kinachomwingizia.

Ili kupata mashine, mdogo wangu na mulamu walikata kiwanja chao cha Kikula katikati, wakauza upande wa mbele, ule uliogusa barabara. Mimi nilitoa kila nilichokuwa nacho na nikaacha shule. Mashine ilifika, ikawekwa chini ya mabati uani. Siku ilipowashwa mara ya kwanza ilitikisa vyombo vya jirani, na watoto wakapiga makofi.

Kuwaambia washirika wetu wa zamani tuligawana. Mimi nilikwenda kwa mama pasta. Alinisikiliza huku akimenya mihogo, hakunikatiza.

"Kwa hiyo ba mama ya kwaya bataendaka ku depo," alisema nilipomaliza.

"Ndiyo, mama. Bei itakuwa imepanda kidogo, lakini unga ni ule ule."

"Unga haina shida." Aliosha mikono yake kwenye beseni. "Dada, sisi hatukuwa tunauzisha unga. Tulikuwa tunakuuzisha weye. Tulikuwa tunasema, ni ya dada yetu, anaipika na mikono yake. Sasa tutasema nini? Ni ya depo?"

Nilimwambia tutakuwa wale wale. Akasema Bwana akubariki, na akaniombea, mkono wake wenye maji kichwani pangu. Hakuwa na hasira. Mama wa kwaya watatu walikwenda depo mara moja, hawakurudi.

Mulamu alikwenda kwa baba yake mdogo, akarudi upesi. Alisema tu kwamba mzee ameuliza lini aondoe mifuko iliyobaki, apate kuweka kitu kingine.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Lori lilikuja uani likarudi limejaa, majirani wakatoka kuliangalia. Tuliajiri wanawake wawili wa mtaani kwa kukaanga. Siku moja tulipanda basi, mimi na mulamu, tukaenda Lubumbashi kuuona unga wetu dukani. Lilikuwa duka la vioo, lenye baridi ndani. Tukatembea kati ya rafu mpaka tukaukuta: pakiti zimesimama mstari, mtoto wa picha akicheka. Mulamu aligusa moja, akaisogeza mbele kidogo, akaisogeza nyingine. Tulikaa pale muda mrefu. Mlinzi akaja akatuambia kwa upole kwamba kama hatununui tusizuie njia.

"Ni yetu," mulamu alimwambia. "Hii unga ni yetu."

Mlinzi akatuangalia, nguo zetu na viatu vyetu, akasema, "Sawa mama. Lakini musizuie njia."

Tulicheka ndani ya basi. Nakumbuka kwamba alicheka kwa muda mfupi kuliko mimi.

Sijui ni siku gani hasa ilianza kugeuka. Lori lilikuja likaondoka halijajaa. Mara nyingine likapita bila kusimama, dereva akatupungia mkono. Tulimpigia bwana simu, akasema ni barabara, kisha akasema ni sikukuu, kisha akasema watu wa Lubumbashi bado hawajauzoea. Wale wanawake wawili tukawaambia wapumzike kidogo. Tuliendelea kusaga, maana mashine ilikuwa yetu na soya tulikwisha kununua, na pakiti zikapanda ukutani mpaka zikagusa mabati. Joto la mabati halifai kwa unga wenye samaki. Nilijua hilo, nikaliona, na sikuwa na mahali pengine pa kuziweka.

Tulikwenda kumwona ofisini kwake. Alitupokea vizuri, akatuagizia soda. Hakutuzungusha.

"Kuna unga ingine naleta toka inje," alisema. "Inapita ku mupaka wa Kasumbalesa kila wiki. Haina samaki, inakaa mwaka mzima bila kuharibika. Iko na matangazo ku televizyo. Maduka banaitaka. Na yenu sikatai, lakini inasimama ku rafu."

Mulamu akasema, "Inasimama sababu hakuna muntu anaipika. Bantu hawajaionja. Niache minye nipike mbele ya maduka."

"Mama, duka ile haitakubali mbabula."

"Basi niachie Likasi. Turudi ku bantu betu."

Akatuangalia kwa huruma, kweli kabisa, sikuona kitu kingine usoni mwake. "Likasi muchukue," alisema. "Sikatai. Mimi sikuwaibia, bamama. Kila pakiti niliyokamata nililipa."

Ndivyo ilivyokuwa. Mara nyingi, nikilala macho wazi, nimetafuta mahali alipotudanganya, nipate angalau mtu wa kumlaani. Sijapata. Alikuwa na njia, njia ikajaa kitu kingine, basi. Na zile pakiti zilizosimama Lubumbashi alizirudisha kwa lori lake mwenyewe, kwa heshima, bila kutudai chochote. Tulipofungua katoni ya kwanza, fukusi walikuwa wanatembea juu ya uso wa mtoto wa picha. Mama yangu aliingia, akaona, akatoka tena. Tulizichoma nyuma ya nyumba siku mbili mfululizo, na kwa mara ya kwanza harufu ile ya karanga ilinitapisha.

"Tutaanza tena," mulamu alisema. "Njia tunazijua."

Tukaanza na baba yake mdogo. Tulimkuta amekaa mlangoni pa duka na tasbihi yake. Alituletea viti. Kati ya mchele na sukari palikuwa na ule unga mwingine, wa Kasumbalesa, pakiti zake nene zinazong'aa. Mulamu aliona kabla yangu.

"Baba, tumerudi," alisema.

"Karibu binti. Karibuni mama."

"Tunaweza kuleta unga kama zamani. Bei ya zamani."

Mzee alizungusha tasbihi. Hakupandisha sauti. "Binti yangu, mulipoondoa yenu, bantu bangu balikuwa bananiuliza kila siku. Nikasema, imehamia depo. Bakaenda depo, depo mbali, bakarudi kwangu. Nikabatafutia ingine. Sasa batoto babo bamezoea ingine. Nikiitoa leo niweke yenu, na kesho patro mwingine, tajiri wa malori, akikuya kuwakamata, nitawaambia nini tena?"

"Hatutaondoka tena, baba."

"Ulisema hivyo juu ya yule bwana. Ulisema hatachoka."

Mulamu aliinamisha kichwa. Mzee akasimama, akaingia ndani, akarudi na kilo ya mchele akampa kwa ajili ya watoto. Ule mchele ulimuumiza kuliko lile neno. Njia nzima kurudi nyumbani aliubeba kifuani kama mtu aliyebeba mgonjwa.

Kwa mama pasta nilikwenda peke yangu. Nilikuta mama mmoja wa kwaya, aliyekaanga nasi soya siku za mwanzo, anapanga mifuko ya unga kwenye kikapu. Mifuko ya kufungwa kwa mshumaa. Alishtuka kuniona. Alisema haraka haraka kwamba wake hauna samaki wengi, kwamba alingoja, kwamba watoto walikuwa wanauliza. Nilimwambia hakuna shida. Na kweli, ningemwambia nini? Nilimfundisha mwenyewe, ili atusaidie. Mama pasta alinishika mkono, akasema kazi ya Mungu ni pana, sote tutaenea. Lakini mitaa ile ilikuwa imegawanywa tayari, na jina walilokuwa wanalitaja milangoni halikuwa langu.

Kituo cha afya kilikuwa na muuguzi mpya. Yule wa zamani alihamishwa. Huyu mpya alisema amri ni kwamba hakuna kupika ndani ya uzio tena, kwa sababu ya usafi, na hakuna kutangaza chakula cha mtu. Mulamu alipika nje ya uzio, kando ya barabara, siku ya kupima watoto. Vumbi la malori liliingia kwenye sufuria. Akina mama waliokuwa wanamjua walikwisha kuacha kuja, watoto wao wako shuleni. Hawa waliokuja hawakumjua. Mmoja akamwuliza kama uji ule ni wa kuuza au wa msaada. Alimwaga sufuria nzima mtaroni akarudi nyumbani na mbabula ikiwa bado ya moto, mpaka ikamuunguza mkono.

Bado kulikuwa na Kakanda, na mdogo wangu alijaribu. Lakini kampuni aliyokuwa akiiendeshea lori ilikuwa imekataza kubeba kitu chochote nyuma ya kiti, na wanawake wa Kakanda walikuwa wanachukua unga kwenye kantini, ule wa nje. Alirudi na mifuko ile ile. Aliiweka mezani, akakaa.

Ugomvi wetu ulianza siku hiyo. Haukuwa na kelele. Nilisema mashine iuzwe kabla haijapata kutu. Mulamu alisema mashine ni mguu wa nyumba yake, nusu ya kiwanja iko ndani ya chuma kile, mimi sikukata chochote. Nilisema niliacha shule. Alisema shule haikuwa inanilipa. Ilikuwa kweli. Mama yangu akaingilia kati kwa upande wangu, akasema maneno kuhusu Waislamu na biashara ambayo sitayaandika, maneno niliyodhani yalikwisha kufa pale uani kwenye ungo wa soya. Mulamu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua ungo, akamwaga soya iliyokuwa ndani kwenye gunia, akaukung'uta, akauegemeza ukutani.

"Mama, aksanti," alisema.

Hakuongea na mama tena. Na mimi aliongea nami kama siku zile za zamani, kama mtu wa foleni.

Mwishowe mashine ilinunuliwa na mtu wa Kambove kwa kusagia mahindi ya bukari. Kilichopatikana hakikurudisha kiwanja. Mdogo wangu akaachishwa kazi, na nusu iliyobaki ya kiwanja ikafuata ile ya kwanza. Wakahamia Kakanda na watoto, kwenye chumba cha mabati, kwa sababu kule mtu hakosi cha kufanya akiwa na mikono. Walipakia vitu asubuhi. Nilisaidia kubeba godoro. Mulamu alinikumbatia, kwa adabu.

Yule bwana wa Lubumbashi alinipigia simu baadaye. Alitaka mtu wa kusimamia depo yake ya Likasi, mtu anayejua unga na anayejulikana Kikula. Alisema ananiamini. Nilikuwa nimeshinda siku ile na chai tupu. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza.

Sasa ndiyo kazi yangu. Ninafungua depo, ninapokea katoni kutoka Kasumbalesa, ninazigawa kwa maduka, likiwemo duka la baba mdogo wa mulamu, ambaye hunisalimia vizuri na hunisaidia kuhesabu. Ninaifanya vizuri. Nimefungua hata njia mpya, kwa madereva wa pikipiki, na bwana amenisifu. Akina mama huniuliza kama unga huu ni mzuri kwa mtoto. Nawaambia ni mzuri. Si mbaya. Hauna samaki.

Mwezi uliopita nilikwenda Kakanda kuwaona. Mdogo wangu alikuwa shimoni, akichimba. Nilielekezwa kwenye maji, nikamkuta mulamu katikati ya wanawake wengine, maji yamemfika juu ya goti, anatikisa mawe kwenye chekecheke. Mtoto wake mdogo alikuwa amefungwa mgongoni, kichwa kimelala upande, nywele zimegeuka rangi. Nilijua rangi ile, ya mtoto aliyekosa lishe. Nimeifundisha darasani.

Alinyanyuka akaniona. Akajifuta mikono, akaja mpaka ukingoni lakini hakutoka majini.

"Mulamu," alisema.

"Mulamu. Habari ya hapa?"

"Njo hivi unavyoona." Aliangalia nguo zangu. "Banasema unafanya kazi ku depo."

"Ndiyo."

"Ya yule bwana."

"Ndiyo."

Nilikuwa nimemletea pakiti za unga, ule wa nje, maana ndio niliokuwa nao. Nilizitoa kwenye mfuko. Alizipokea kwa mikono miwili, kama tunavyopokea kitu cha mtu mzima, akaziweka juu ya jiwe kavu. Nilimwambia mtoto anahitaji samaki na karanga, ajaribu hata kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyomsikiliza mama.

"Najua, mulamu," alisema. "Nilikuwa naipika."

Msimamizi akapiga filimbi, au labda ilikuwa ishara ya mtu mwingine, sikuelewa. Mulamu akainama tena kwenye chekecheke. Nilisimama kidogo nikingoja aseme neno lingine, kisha nikaona kwamba nimesimama kwenye njia ya wanawake wanaopanda na mabeseni, nikasogea. Nilipata pikipiki ya kurudi Likasi kabla mvua haijaanza. Kesho yake lori la Kasumbalesa lilifika mapema, na nilishinda nikishusha katoni.